Miura za Himeji na shafti za Kijapani: hela yako uiweke wapi?

Mwenye haraka achukue hili aende zake: kama umeamua kuchoma hela kwenye fimbo za gofu za Kijapani, kichwa (kile kipande kinachopiga mpira) nunua kilichotumika, shafti (ule mti wa fimbo) nunua mpya, na kinachobaki mfukoni mpe fundi. Ukifanya kinyume, yaani kichwa kipya cha bei mbaya halafu shafti yoyote ile iliyokuja nayo, umenunua Crown ukaifunga vipara vya matairi. Sasa mwenye nafasi tuendelee maana nina mengi.

Mi nakaa Kobe, handikapu yangu (kipimo cha uwezo, ndogo ndo nzuri) ni 14, spidi ya dreva (fimbo ya kupigia mbali kabisa) ni maili 95 kwa saa siku nikiwa nimelala vizuri, kwa hiyo ujue anayekuandikia siyo pro, ni mtu wa kawaida mwenye ugonjwa wa fimbo. Begi langu kwa sasa lina ayani (fimbo za vichwa vyembamba vya chuma) za Miura TC-201 kuanzia namba 5 hadi PW (weji, yaani fimbo fupi ya shoti za karibu), zimefungwa shafti za N.S. Pro Modus3 Tour 105 S, na dreva ina shafti ya Tour AD DI-6 S. Hiyo ndo seti ninayoipitia hapa na nitaigusa Mizuno na Honma maana huwezi kuongelea hizi bila kuzigusa zile.

Tuanze na Miura. Hawa jamaa wako upande wa Himeji, mkoa wa Hyogo, ukitoka Kobe na treni ya haraka ya kawaida hufiki saa nzima. Himeji wengi mnaijua kwa ile ngome nyeupe, lakini kwa watu wa chuma ni mji wa wahunzi tangu enzi za mapanga ya samurai, na ukipanda kaskazini kidogo kuna kamji kanaitwa Ichikawa ambako ndiko zilikotoka ayani za kwanza kutengenezwa Japani, kwenye miaka ya 1930. Mpaka leo kale kamji kamejaa vikarakana vya kufua na kusugua vichwa vya gofu, vingine vinatengenezea chapa kubwa ambazo jina lao hutaliona hata ukutani. Katsuhiro Miura alianzisha kampuni yake humohumo mwaka 1977 na wapenzi wake wanamwita mikono ya Mungu, ambayo mi naona ni kuzidisha kidogo ila nikishika ile fimbo namba 8 naelewa wamefikaje huko.

Kinachofanya Miura iwe Miura ni hivi. Chuma ni laini chenye kaboni kidogo, kinapashwa moto na kupigwa kwenye presi hatua kwa hatua, siyo kumiminwa kwenye kalibu kama ayani nyingi za bei ya chini. Halafu ile shingo inapoingia shafti hawaifui pamoja na kichwa, wanaiunganisha baadaye kwa kuizungusha kwa kasi mpaka joto la msuguano wenyewe linalainisha chuma kikashikana. Faida yake ni kwamba uzito wa kichwa na shingo unakuwa uleule fimbo hadi fimbo, fundi hahitaji kuja kujazia jazia kitu ndani ili zilingane. Baada ya hapo kuna mzee mmoja au wawili wanasugua kwa mkono kwenye mawe, na hapo ndo bei inapopandia.

Feelingi yake sasa. Ukipiga katikati, aisee, hakuna mtikisiko wowote unaopanda mikononi, unasikia kama umekosa mpira halafu unainua macho unauona unaenda. Sauti ni fupi, nzito, haina ule mlio wa bati. Ukipiga pembeni kidogo kuelekea kidole cha fimbo (ncha ya kichwa) inakwambia palepale umekosea wapi, haifichi, na hilo kwangu ni zuri kwa sababu najua cha kurekebisha kwenye shoti inayofuata badala ya kubahatisha. Soli yake ni nyembamba na makali ya mbele yamesagwa kidogo hivyo inapita kwenye majani bila kuchimba shimo la kupandia muhogo.

Ambacho haikupi ni umbali. TC-201 namba 7 ina lofti (mwinamo wa uso wa fimbo, ukiwa mdogo mpira unaenda mbali) ya kizamani inayozidi digrii 30 wakati ayani nyingi za kisasa za kusaidia wachezaji namba 7 yao ni digrii 28 au hata chini ya hapo, yaani unalinganisha namba 7 yako na namba 7 ya mtu ambayo kiukweli ni sawa na namba 6 yako, halafu unalalamika yake inaenda mbali. Kichwa ni kidogo pia, na kama bado mpira unaupiga kokote usoni mwa fimbo, Miura hii itakuadhibu raundi nzima na hela umelipa wewe. Nampendekezea mtu wa handikapu 18 kushuka, wa juu ya hapo aangalie modeli zao zenye kaviti kubwa (uwazi mgongoni mwa kichwa unaosamehe makosa) au aachane nazo kwanza, hazikimbii.

Bei: seti mpya ya fimbo 6 au 7 usiondoke nyumbani bila dola 2,000, na ukichagua shafti za maana inapanda. Tangu 2017 kampuni ilinunuliwa na tajiri wa Marekani, Howard Milstein, mwenye 8AM Golf, na tangu hapo matangazo yamekuwa mengi na mng'aro umeongezeka, vichwa bado vinafuliwa hukohuko Hyogo. Mi yangu ni ya mtumba, nimeilipia chini ya nusu.

Na mtumba wa Japani kwenye gofu ni habari nyingine. Wajapani wanabadilisha fimbo kama watu wanavyobadilisha kava za simu, modeli mpya ikitoka ya mwaka juzi inaenda duka la mtumba ikiwa na mikwaruzo miwili mitatu. Maduka ya Golf Partner yapo kila kona ya nchi, kila fimbo ina kikaratasi chenye daraja la hali yake, aina ya shafti, urefu, hadi hali ya gripu (pale pa kushikia). Kichwa cha ayani iliyofuliwa hakizeeki kirahisi, hakina betri wala injini, kama mifereji ya usoni bado ina makali na chromu haijavuliwa basi miaka kumi si kitu. Kwa hiyo sioni sababu ya kulipa kamili eti ili nitoe plastiki mwenyewe.

Halafu kuna Mizuno, ambayo kusema ukweli ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue. Mizuno ni ya Osaka tangu 1906, fimbo za gofu walianza 1933, ayani zao za kufuliwa zinapigwa kwenye kiwanda kilichopo Hiroshima na wana ule utaratibu wao wa kuhakikisha nyuzinyuzi za chuma zinatiririka kutoka shingoni hadi usoni bila kukatika, ndo maana wanaita Grain Flow Forged. Siku hizi chini ya chromu wanaweka utando wa shaba, na huo utando mi naamini unasikika, japo rafiki yangu mmoja anasema ni akili yangu tu. Tiger Woods alichukua mashindano ya Masters ya 1997 akiwa na ayani za Mizuno, na Brooks Koepka alichukua US Open 2017 na 2018 na JPX-900 Tour bila kuwa na mkataba nao, kitu ambacho kwangu ni tangazo kuliko tangazo lolote la kulipia. Mizuno Pro ukiipiga mfululizo na Miura, tofauti ipo ila ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Miura ni kimya zaidi, basi. Mi nimebaki na Miura kwa sababu naipenda, sina sababu nyingine ya kisayansi.

Honma niipitie haraka. Kiwanda kipo Sakata, mkoa wa Yamagata, na laini yao ya Beres inapangwa kwa nyota, nyota 2 hadi 5, na ya nyota 5 ina dhahabu kabisa na platinamu. Beres ndiyo Shinzo Abe, waziri mkuu wa Japani wa wakati huo, alimpelekea Trump pale New York Novemba 2016, dreva ya rangi ya dhahabu ya dola elfu tatu na ushee. Watu wanazicheka ila ukiondoa dhahabu ni fimbo nzuri sana kwa mzee mwenye spidi ndogo, nyepesi, shafti wanatengeneza wenyewe na mpira unapanda wenyewe. Kwa kijana anayepiga kwa nguvu ni laini mno. Feki zake ni nyingi balaa mtandaoni, ukiona Beres ya nyota 4 inauzwa bei ya kuku ujue ni kuku.

Sasa shafti, ambako ndo roho yangu ipo.

Watu wengi wanadhani shafti ni bomba tu la kushikia kichwa. Shafti ya kaboni inatengenezwa hivi: karatasi za nyuzi za kaboni zilizolowekwa gundi zinakatwa kwa pembe tofauti, zinaviringishwa kwenye mhimili wa chuma, zinaokwa, mhimili unachomolewa, zinasagwa na kupakwa rangi. Karatasi zilizolala kwa urefu zinatoa ugumu, zilizolala kwa mshazari zinazuia shafti isijisokote. Fundi wa kubuni akiongeza kikaratasi kimoja karibu na ncha, mpira unaruka chini zaidi, akikitoa unaruka juu. Na hizo nyuzi za kaboni dunia nzima wakubwa wake ni Wajapani, Toray, Teijin, Mitsubishi, haohao Toray ndo kaboni yao ipo kwenye mwili wa Boeing 787. Ndiyo maana begi la pro wa Marekani linaweza kuwa na vichwa vya Kimarekani vitupu ila chunguza shafti ya dreva utakuta Fujikura, Mitsubishi au Graphite Design.

Graphite Design wapo Chichibu, mkoa wa Saitama, tangu 1989. Tour AD DI ni ile ya rangi ya chungwa, mtaikumbuka mikononi mwa Hideki Matsuyama Aprili 2021 alipokuwa Mjapani wa kwanza mwanaume kuchukua meja (moja ya yale mashindano manne makubwa), yeye alikuwa na DI-8 TX ambayo mimi ningeipiga ningelazwa. Kusoma hizo namba ni rahisi, 6 maana yake kundi la gramu 60, 8 gramu 80, herufi ni ugumu, kuanzia laini kwenda ngumu, R, SR, S, X, TX. Yangu DI-6 S. Nilivyoihisi ni kwamba katikati inakubali kupinda, ncha imetulia, kwa hiyo ukishuka bila haraka inajikusanya na kukurudishia nguvu palepale kwenye mpira. Shoti zangu za kwenda kulia zimepungua, siyo kwamba zimeisha, zimepungua na zinazokwenda huko zinabaki ndani ya mti wa kwanza. Umbali sijaongeza wa maana. Nilichopata ni kuokota mipira yangu mingi kwenye fewei (majani mafupi ya katikati), na hicho ndicho nilichokilipia yeni 40,000 na ushee, naona sawa.

Fujikura Ventus nimeipiga sana pia ya rafiki yangu. Nyeusi ni ya kupiga chini na spini (mzunguko wa mpira) ndogo, ya buluu katikati, nyekundu inapanda. Ni imara kuliko Tour AD, haiyumbi hata ukiichelewesha, lakini haina ule utamu, inafanya kazi na kunyamaza. Kuwa macho na jambo moja hapa: dreva nyingi za dukani zinakuja na shafti imeandikwa Ventus ila haina VeloCore, na VeloCore ndo kila kitu, ndo ile kaboni ngumu ya tani 70 inayoshika ncha. Kama neno VeloCore halipo kwenye shafti, una rangi tu ya Ventus. Muuzaji hatakwambia.

Kwenye ayani mimi ni mtu wa chuma. Nippon Shaft ni watoto wa kampuni ya springi, NHK Spring, wale wanaotengeneza springi za magari, na kiwanda cha shafti kipo Komagane mkoa wa Nagano. Mwaka 1999 walitoa 950GH, shafti ya chuma chini ya gramu 100, wakati ule Dynamic Gold S300 ambayo kila mtu alikuwa anaing'ang'ania ni gramu 130. Tofauti ya gramu 30 kwenye kila fimbo, shimo la 15 jua likiwaka, mgongo unaijua. Modus3 105 yangu ipo katikati ya hizo, S yake ni gramu 106 na nusu kabla haijakatwa. Mpira unapaa juu kidogo kuliko kwa Dynamic Gold, ukifika grini (majani ya shimo lilipo) unatua na kukaa. Kama una nguvu za mwili na unapiga chini kwa chini chukua Modus3 120, ila wanaume wengi tunachukua shafti za sifa kuliko za mwili tulio nao, na hii siyo Japani tu.

Lingine ambalo watu wa nyumbani hawaambiwi, S ya Japani siyo S ya Marekani. Shafti za kiwandani zinazokuja na dreva za soko la ndani la Japani ni nyepesi na laini zaidi, kundi la gramu 50 hivi, S yao inakaribia R ya Marekani. Kwa hiyo ukiona dreva nzuri ya Kijapani mtandaoni imeandikwa S, usikurupuke. Shafti za kununua pembeni kama Tour AD, Ventus au Diamana ya Mitsubishi hizo zina nidhamu, herufi ni ileile popote.

Sasa fundi. Maduka makubwa yana karakana ndani na kazi ni safi, ila ukipeleka shafti uliyonunua kwingine wengi wanakuchaji ufundi mara mbili, na kuna moja nilienda kijana akaipokea shafti yangu kwa vidole viwili kana kwamba nimemletea samaki aliyeoza. Nikahamia kwa mzee mmoja mwenye kikarakana chini ya nyumba yake, upana wa gereji ya gari moja. Huyu kabla ya kugusa chochote alipima kila kichwa kwenye mzani, akavipanga mezani. Vichwa vya ayani vinatakiwa kuongezeka kama gramu 7 kila namba ikipanda maana kila fimbo ni fupi kwa nusu inchi kuliko iliyotangulia, na alipoona namba 8 yangu imezidi kidogo akaguna, akaandika kwenye daftari, akaendelea. Halafu akabana shafti kwenye mashine upande wa gripu, akavuta ncha akaiachia ipepee, mashine ikahesabu mtetemo kwa dakika, akafanya hivyo kwa kila shafti na mbili akazibadilishana nafasi, ile iliyotakiwa kwenda kwenye 7 ikaenda kwenye 6. Zote zimeandikwa S, zote zimetoka boksi moja.

Nikamuuliza, mzee, hiyo tofauti mimi nitaisikia kweli? Akasema, "Wewe hapana. Mpira utaisikia."

Gundi ikaachwa ikauke usiku mzima, hakukubali nisubiri pale na hakukubali nizichukue jioni. Kesho yake nilivyoenda alikuwa anamalizia zile pete nyeusi za shingoni kwa kitambaa chenye asetoni, anazungusha fimbo polepole mpaka pete na chuma vikawa uso mmoja, ukipitisha ukucha hauoni pa kukwama. Uzito wa bembea (jinsi kichwa kinavyohisiwa kizito ukizungusha fimbo) wa zote ni D2, kuanzia 5 hadi PW. Kazi yenyewe ni yeni elfu mbili na kitu kwa fimbo. Hiyo ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye hii safari, na nyota 5 nampa yeye kabla sijampa Miura.

Kwa mnaotaka kuagiza mkiwa Mombasa, Dar au Tanga, jueni chuma cha kufuliwa kinapata kutu. Chromu inakinga, lakini jiwe likishaigonga na kuitoboa, hewa ya chumvi inaingia hapohapo. Futa fimbo baada ya raundi, usizifungie zikiwa mbichi ndani ya begi kwenye buti la gari, na zile weji zisizo na chromu kabisa zitakuwa nyekundu ndani ya wiki, ambayo ni sawa, ndivyo zilivyo, usije ukadhani umeuziwa mbovu. Nairobi kutu si shida sana, ila huko juu karibu mita 1,700 mpira unaenda mbali zaidi wenyewe, kwa hiyo usinunue ayani za lofti kali ukiwa unafuata umbali, utajikuta na pengo kubwa kati ya PW na weji inayofuata. Chuma laini pia kinapinda taratibu kwa kupigia kwenye mkeka wa mazoezi, mpe fundi akupimie lofti na lai (pembe ya shingo na ardhi) angalau mara moja kwa mwaka, kizuri ni kwamba kinarudishwa bila kuvunjika.

Wa mkono wa kushoto poleni, soko la mtumba la Japani ni la mkono wa kulia kwa asilimia kubwa sana na za kushoto zikionekana zinaondoka siku hiyohiyo. Na mkiagiza dreva, mwambieni anayetuma afungue kichwa kwa kile kibisibisi chake, shafti isafiri kwenye bomba la karatasi ngumu na kichwa kwenye boksi lake, na kibisibisi akitie humo ndani, maana huko nyumbani kukitafuta cha chapa ileile utazunguka wiki nzima.